Deni la Kata Moja ya Asidi

“Ibada ya mwaka wa tatu ya mama yangu ulinambia ningoje msimu uishe. Msimu ulipoisha, mama alikuwa ameshaombewa bila mimi. Hii sasa ni ya mwaka wa saba, Bwana Ishimaru. Unataka ningoje nini tena? Afe mara ya pili?”

Bwana Ishimaru, msimamizi wa kiwanda cha makopo ya machenza, alikuwa amekikumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Hakumtazama Tokie usoni. Alizitazama buti zake za mpira, ambazo asidi ilikuwa imezidonoadonoa mpaka zikawa na vidoa kama ngozi ya chura.

“Mimi sijakukatalia, Bi Tokie. Nakuuliza jambo moja tu. Ukienda, nani atachanganya dawa?”

“Si wewe? Una cheti kikubwa ukutani.”

“Kile ni cha uhasibu.”

“Basi hesabu unazijua.”

“Najua za pesa. Za pesa ukikosea unafuta, unaandika upya. Hizo zako ukikosea, tunapeleka uji sokoni.” Akapiga funda la chai. “Nitafutie mtu wa kushika mahodhi siku moja, nawe uende hata siku mbili. Neno langu hilo.”

Alilitoa neno hilo kwa ukarimu kwa sababu alijua halitamgharimu kitu. Mtu wa namna hiyo hakuwapo. Tokie naye alilijua hilo, akatoka bila kuinama, akaufunga mlango kwa kishindo ambacho kilimpa raha mpaka alipofika chini ya ngazi. Hapo uchovu ukamrudia. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa wa kukaa mwilini kama mpangaji asiyelipa wala kuondoka.

Watu hufungua kopo, wakaona vipande vya chenza viko uchi, laini, vinang’aa ndani ya maji ya sukari, na hakuna hata mmoja anayejiuliza nani aliyevivua nguo. Wakiuliza, hudhani ni wanawake wenye kucha ndefu. Kucha! Kisiwa kizima kingekufa kwa baridi kabla ya kujaza lori moja. Anayevivua ni asidi. Vipande vikishatenganishwa vinapita kwenye hodhi la asidi, ule utando mweupe unalegea. Vinaingia hodhi la kostiki, yale magadi makali, utando unamalizika. Kisha vinaogeshwa kwenye mfereji mrefu wa maji safi mpaka hata ulimi wa mtoto usigundue vilikopita. Kazi ndiyo hiyo. Lakini asidi ikizidi nguvu, nyama ya chenza inapondeka. Ikipungua, utando unang’ang’ania, na hapo wanawake arobaini wa kwenye mkanda wanalazimika kuingiza mikono katika maji ya baridi na kuumenya kipande kwa kipande, huku wakilitaja jina la mchanganyaji kwa sauti ya kutosha kusikika.

Jina hilo, kwa majira mengi ya baridi, lilikuwa Tokie.

Aliletwa kisiwani kuolewa, akitokea ng’ambo, upande unaoonekana siku zisizo na ukungu. Mumewe alikuwa baharia wa meli ya kubeba saruji, akirudi nyumbani kama mvua za kuvizia. Mwanawe wa pekee alikuwa Osaka akifunga nyaya za umeme, na barua zake zilikuwa fupi kuliko bahasha. Tokie alianzia kwenye mkanda kama wengine wote. Aliyemtoa huko alikuwa mzee Ukai, mkemia aliyekuja baada ya vita na sanduku moja na kikohozi kimoja, na sababu aliyotoa haikuwa ya sifa kubwa. “Huyu,” alisema, “ndiye pekee anayenyamaza akiwa anapima.”

Mzee Ukai hakumfundisha kwa maneno ya kitabu. Alimwambia asihesabu lita, ahesabu vichwa. Kichwa kimoja cha asidi ni fungu la chembe zisizohesabika, vitabuni huitwa moli, lakini fungu la asidi na fungu la kostiki yana idadi ileile, na hilo ndilo la maana. “Ukiwaalika watu harusini,” alikuwa akisema, “huhesabu kilo zao. Unahesabu vichwa, ndipo unajua upike kiasi gani.” Tokie alielewa siku ileile. Mzee Ukai aliporudi kwa binti yake kwenda kufia huko, mahodhi yalibaki mikononi mwa Tokie, na tangu hapo hayakumwachilia. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo kuwika ili akajaze maji. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kabisa, ile mistari ya dole gumba imeliwa yote. Alipokwenda posta kuweka alama ya kidole, karani alimrudishia karatasi mara mbili na kumwomba abonyeze kwa bidii.

Jioni ile ya ugomvi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkanda, mahali Kinuyo alipokuwa akichagua vipande vilivyovunjika.

“Bi Kinuyo. Nataka nikufundishe mahodhi.”

Kinuyo aliinua uso. Alikuwa mke wa mkulima wa mwani, mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichosikika mpaka gatini, na ulimi ambao wasimamizi watatu waliwahi kuuombea uhamisho.

“Mimi? Mimi niliyekwambia jana kwamba asidi yako haiwezi kumvua nguo hata mlevi?”

“Wewe huyohuyo. Wenzako wananiogopa. Mtu anayeniogopa mimi ataiogopa na asidi, na mkono utamtetemeka.”

“Na malipo?”

“Nitakwenda kumfukizia mama yangu ubani.”

Kinuyo akaweka chini kipande alichokuwa ameshika. Kisha akavua glavu. “Ungelisema hilo kwanza, dada.”

Basi akafundishwa. Maji kwanza, asidi baadaye, kamwe usigeuze. Upepo uwe mgongoni. Hodhi ni lita elfu mbili, na kila lita inataka sehemu mbili za kumi za kichwa.

“Kwa hiyo hodhi zima linataka vichwa vingapi?”

“Mia nne,” akasema Kinuyo, bila hata kutazama juu. Mwanamke aliyeuza sokoni mwani uliokaushwa, shuka kwa shuka, hashindwi na mia nne.

“Pipa lina nguvu kumi, maana yake kila lita ina vichwa kumi. Utamimina lita ngapi?”

“Arobaini.”

“Na kata hii inabeba lita tano.”

“Kata nane. Dada Tokie, hili ndilo lililokuwa likikufanya ununeunune miaka yote hii? Mtoto wangu wa mwisho angelifanya huku analia.”

Tokie alihisi kitu kama kheri kikimpitia kifuani. Akampa kata. Kinuyo akamimina moja, mbili, tatu, taratibu, akiwa amekunja uso kama mtawa, mpaka nane. Halafu mkono wake, wenyewe, bila kushauriana na kichwa, ukachota ya tisa na kuimimina.

“Hiyo ni ya nini?”

Kinuyo aliitazama kata kana kwamba imemsaliti. “Ya... nyongeza tu.”

Hapa ndipo penye shida, na mgeni asingeielewa. Kisiwani kwetu hakuna mtu anayepima akaishia kwenye mstari. Muuza tofu, ile jibini ya soya, akikukatia kipande, anatupia na kidogo cha kukaanga. Anayekuuzia samaki watano anakufungia na wa sita, hata akiwa mdogo kama kidole. Mama akikukopesha mchele anausawazisha kwa kiganja, kisha anachota konzi moja juu. Anayeishia kwenye mstari husemwa mpaka wajukuu zake wanasikia. Na Kinuyo alikuwa ameuza mwani tangu akiwa msichana. Nyongeza haikuwa tena mawazoni mwake. Ilikuwa imeingia kwenye mfupa wa kiwiko.

Vipande vya asubuhi ile vilitoka vimelegea kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Vyote vikaenda kwenye pipa la juisi. Bwana Ishimaru alikuja, akatazama, akaondoka akiwa ametosheka kabisa.

Kesho yake Kinuyo alimimina nane, akasimama, akaweka kata chini kwa heshima. Tokie akageuka kufunga bomba. Aliporudisha uso, kata ilikuwa juu ya hodhi tena, ikidondosha “kidogo tu, dada, kidogo sana.”

“Asidi si mgeni wako, Kinuyo! Haitarudi nyumbani kukusema!”

“Najua! Kichwa kinajua! Mwambie huu!” Akaupiga mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na wanawake wa mkandani wakacheka mpaka msimamizi akachungulia dirishani.

Ajabu ni kwamba kwenye shimo hakuwa na shida hata kidogo. Maji ya mahodhi yakichoka, jioni hutiririshwa kwenye shimo la nyuma, na kutoka humo huenda baharini. Huwezi kuyaachia yakiwa na asidi. Asidi iliyobaki na kostiki iliyobaki hukutana humo na kumalizana kichwa kwa kichwa. Kinachozidi, ambacho siku zote huwa ni asidi, humalizwa kwa chokaa, kwa sababu kostiki ni ghali.

“Sikiliza vizuri hapa,” Tokie alimwambia jioni moja, wakiwa wamesimama kwenye ukingo wa shimo, upepo ukiwachapa miguu. “Kostiki ana mkono mmoja. Kila kichwa cha kostiki kinamkamata asidi mmoja, basi. Chokaa ana mikono miwili.”

“Kila chokaa anakamata wawili.”

“Ehe. Leo asidi iliyobaki ilikuwa vichwa mia tatu, kostiki mia.”

“Wakamalizana mia kwa mia, asidi mia mbili wanazurura. Chokaa mia moja wanatosha.” Kinuyo akaangalia pipa la maji ya chokaa. “Hili ulilikoroga kichwa kimoja kwa lita? Basi lita mia. Ndoo kumi.”

“Wengi hapo huzidisha mara mbili badala ya kugawa.”

“Wengi nani?”

Tokie alisitasita. “Nilipokuwa na homa mwaka ule, Bwana Ishimaru alisikia ‘mikono miwili’, akafikiri maana yake mara mbili. Alitia ndoo arobaini.”

Kinuyo aligeuza uso baharini. Nyavu za mwani za mumewe zilitandazwa baharini mbele ya mdomo wa lile shimo. “Mwaka ule mwani wetu ulitoka na mabaka meupe. Tukaambiwa ni baridi. Tukauuza kwa bei ya majani ya ng’ombe, na mimi nikawa namfariji mume wangu kwamba baridi haina adabu!” Akavuta pumzi. “Kumbe baridi yenyewe inakunywa chai ofisini.”

Akamimina ndoo kumi. Akaweka ndoo chini. Wala tone la ziada.

“Na hapa hutii nyongeza?” Tokie akauliza.

“Nyongeza anapewa mtu. Machenza yataliwa na watu. Hii inakwenda kwa mume wangu.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku zikasogea, Kinuyo akawa anajua kila kitu. Alijua kuchota maji ya hodhi kwa kikombe kidogo, kutia tone la ile dawa isiyo na rangi, na kudondosha kostiki kutoka kwenye bomba la kioo lenye mistari mpaka maji yageuke waridi. Alijua kwamba hodhi likiwa sawa, rangi hiyo huja kwenye mstari wa ishirini. Alijua yote, na kila asubuhi mkono wake ulitaka kata moja zaidi. Siku nyingine Tokie aliudaka hewani.

Ikafika jana yake ya ibada. Mchana, feri ya mizigo ilishusha mapipa mapya ya asidi. Tokie aliipangusa karatasi iliyobandikwa ubavuni, akaisoma, akasonya. Nguvu nane. Mwuzaji alikuwa amebadilisha, bila salamu wala taarifa. Mtu aliyelala vya kutosha angecheka. Tokie aliegemeza kichwa kwenye pipa baridi, akahesabu. Hodhi halijabadilika, vichwa ni mia nne vilevile. Lita moja sasa ina vichwa vinane. Mia nne kwa nane, lita hamsini. Kata kumi.

Akaliona jambo zima kama anavyoona mtu anayefahamu ngazi za nyumba yake gizani. Nikisema kumi, atamimina kumi, halafu mkono utachota ya kumi na moja. Machenza yatapondeka, na Ishimaru atakuwa na hadithi ya kunisimulia mpaka ibada ya mwaka wa kumi na tatu. Nikisema tisa, atamimina tisa, mkono utaongeza yake, na zitakuwa kumi kamili.

Akatafuta kosa katika hesabu hiyo, hakuliona. Alichoka mno kulitafuta sana.

“Kesho ni kata tisa,” akamwambia Kinuyo wakati wa kufunga.

“Tisa? Zilikuwa nane.”

“Mapipa yamebadilika. Tisa.”

Hapo Kinuyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote kiwandani. Aliweka viganja juu ya mapaja yake, akainama, akainama hasa, mpaka kitambaa cha kichwani kikamteleza. “Nenda kwa mama, dada. Usiwe na wasiwasi. Kesho mkono huu nitaufunga kwa kamba ikibidi.”

Tokie alipaswa kusema pale pale. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini viapo vya namna hiyo alikuwa amevisikia kila asubuhi, na kila asubuhi kata ilitangulia kiapo. Akasema tu, “Asante. Funga vizuri,” akaenda nyumbani kupiga pasi kimono cheusi.

Ng’ambo, nyumbani kwa kaka yake Kanematsu, kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa yeye. Picha ya mama ilikuwa juu ya madhabahu, imekunja uso kama siku zote alipoambiwa atabasamu. Kasisi akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ndefu, ya chini, isiyo na kona yoyote, na chumba kilikuwa na joto la mkaa. Tokie, aliyeisubiri siku hii tangu ile nyingine impite, aliyegombana na msimamizi na kufundisha mwanamke mwenye kiwiko kikaidi ili apate kuketi kwenye mkeka huu wa tatami, alisinzia kabla ya kasisi kugonga kengele mara ya pili.

Kiwiko cha wifi yake kilimwamsha. “Wifi! Mama hakuwahi kulala mbele ya kasisi hata siku moja!”

“Hakuwahi kuamka kuchanganya asidi,” Tokie alimnong’oneza.

Mabega ya Kanematsu yakatikisika. Alijikausha, akakohoa, kasisi akaendelea. Zamu ya Tokie ilipofika alisogea kwa magoti, akabana ubani kwa vidole vitatu visivyo na alama, akauinua kwenye paji la uso, akauachia juu ya kaa. Alikuwa amekusudia kumwambia mama mengi. Alisema moja tu, moyoni: nimechelewa, nimekuja. Moshi ulipanda. Hata kwenye moshi ule aliisikia asidi, maana ilikuwa ndani ya pua zake na sio kwenye nguo.

Wakala tofu kavu iliyopikwa kwa mchuzi, figili za kuchachushwa, wali. Kaka yake akamwekea kipande cha pili bila kuuliza. “Umekonda,” akasema. “Wasalimie huko wanaokula mafuta yako.” Tokie akacheka, akataka kulia, akala figili. Kwenye feri ya kurudi alikaa kwenye benchi la ndani na kuhesabu kata kumi polepole, kama mtu anayemhesabia mtoto vidole, na akawa na hakika kwamba zilikuwa kumi.

Aligundua kosa kabla ya kuvuka lango la kiwanda. Hakusikia mkanda. Alisikia maji na kucha.

Wanawake arobaini walikuwa wameinamia mabeseni, mikono myekundu mpaka viwikoni, wakimenya. Hata Bwana Ishimaru alikuwa amekunja mikono ya shati na kuketi kati yao, akikimenya kipande kimoja cha chenza kama anayefungua bahasha ya serikali.

“Karibu, Bi Tokie!” mmoja akaita. “Mama hajambo?”

“Mwambie amshukuru binti yake! Leo na sisi tumefanyiwa ibada!”

“Vidole vyangu vimekwisha kufa, vinangoja kasisi!”

Alipita katikati yao kama anayepita kwenye mvua ya mawe. Kinuyo alikuwa amesimama kando ya hodhi, wima, kata miguuni pake, na kwenye kiganja cha mkono wa kulia alikuwa amejizungushia, kweli kabisa, kamba ya kufungia mwani.

“Nilimimina tisa,” akasema. Sauti yake haikuwa na kicheko hata cha kuazima. “Tisa kamili, dada. Mkono ulitaka, nikauzuia. Utando haukutoka. Nikapima kwa tone, waridi ikaja kwenye mstari wa kumi na nane. Nikasema jicho langu baya. Nikapima tena, kumi na nane. Nikapiga hesabu mwenyewe, nguvu nane, vichwa mia nne, nikapata kata kumi. Nikapiga tena, kumi. Nikasema, wewe Kinuyo ni nani? Tokie amesema tisa, na Tokie hakosei. Nikaacha.”

“Ungeongeza...”

“Uliniambia tisa!”

Bwana Ishimaru alikuwa amekwisha sogea, na wanawake wameacha kumenya. Hakuna aliyetaka kuikosa.

“Nani alikosea hesabu?” akauliza msimamizi.

“Hakuna,” akasema Tokie. “Hesabu ilikuwa kumi. Nilimwambia tisa kusudi, nikijua ataongeza moja. Sikumwamini mkono wake. Na yeye ndiye aliyeniamini mimi kuliko tone la waridi.”

 

“Kwa hiyo ulinipunja,” Kinuyo akasema polepole. “Mimi, nisiyewahi kumpunja mtu shuka moja la mwani tangu nizaliwe. Ulinipunja kata moja ya asidi.”

“Nilikupunja.”

“Mbele ya watu.”

“Na ninakuomba radhi mbele ya watu.” Tokie akashusha furushi lake sakafuni. Akaweka viganja juu ya mapaja ya kimono cheusi cha ibada, akainama, na akakaa huko chini kwa muda mrefu. Sehemu ya muda huo ilikuwa toba. Sehemu, kusema kweli, ni kwamba mgongo ulikataa kupanda.

Alipoinuka alivaa aproni ya mpira juu ya kimono.  Tokie akaokota kata, akaenda kwenye pipa jipya, akachota polepole mpaka ikajaa sawasawa na ukingo, akaileta kwa mikono miwili bila kudondosha, na akamkabidhi Kinuyo.

“Hii ni yako.”

Kinuyo aliifungua kamba mkononi, akaitupa. Akapokea kata. Upepo ulikuwa mgongoni. Alimimina taratibu, kando ya ukingo, mpaka tone la mwisho, na mkono wake ukabaki hewani pale juu ya hodhi. Wanawake arobaini waliutazama. Ukateremka. Kata ikakaa sakafuni, tupu.

Wakangoja. Kinuyo akarudisha kreti moja ya vipande kwenye hodhi, kisha kwenye kostiki, kisha kwenye maji. Akachota kimoja kwa vidole viwili, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa uchi kabisa.

“Washeni mkanda,” akasema Bwana Ishimaru, akishusha mikono ya shati, na hakuongeza neno lingine, pengine kwa sababu Kinuyo alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu ambaye bado ana jambo la mwani la kuzungumza naye.

Mkanda ukaanza kunguruma. Tokie alinyoosha mkono kuichukua kata, kwa mazoea. Kinuyo aliisogeza kwa mguu, mbali naye.

“Umelipa, dada,” akasema. “Kaa.”

Tokie akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa, kimono cha ibada kikiwa chini ya aproni, na akamwachia mwenzake shimo la jioni.